Bomba la mafuta linapita Kondoa na Chemba: fidia tumeuliza, maji ameuliza nani?

Mchimba Visima (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila nikikaa na watu wa Kondoa, Chemba, Mkalama, hata wa Kiteto, mazungumzo ya bomba la EACOP yanaanzia kwenye fidia na kuishia kwenye ajira. Nani kalipwa kiasi gani, kijana wa nani kapata kibarua, lori la nani limekodiwa. Ni maswali ya haki kabisa, mtu lazima aulizie shamba lake. Ila kazi yangu mimi ni maji. Nachimba visima vijijini, na kwenye mikutano yote niliyowahi kukaa sijasikia mtu akisimama kuuliza: yakivuja, tutakunywa nini? Ndiyo maana naandika.

Kwa asiyelifahamu vizuri, bomba linaanzia Kabaale, wilaya ya Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko ndani ya Tanzania. Linapita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda, UNOC, 15, shirika letu la mafuta, TPDC, 15, CNOOC ya China 8. Lilipangwa kubeba mapipa 216,000 hivi kwa siku. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba litapashwa moto njia nzima ili joto lisishuke chini ya nyuzi 50. Kipenyo chake ni inchi 24. Nimepiga hesabu: kilomita moja tu ikijaa inakuwa na zaidi ya lita robo milioni.

Sasa njooni kwenye jiografia yetu, maana hapa ndipo penye uzito. Mto Bubu unatoka juu huko upande wa Hanang, unashuka Kondoa, unapita Chemba, unaishia mabwawa ya Bahi. Unaishia pale, hauendi popote. Wembere nao unaingia Ziwa Kitangiri, Kitangiri inatoka kwa Mto Sibiti, Sibiti unamwaga Ziwa Eyasi, basi. Hakuna tone la maji hayo linalofika baharini. Kitaalamu tuko Bonde la Kati, na bodi yake ya maji ofisi iko Singida. Bonde hili ni sufuria isiyo na mdomo wa kumiminia: kinachotoka kinatoka kwa kukauka juani tu, na mafuta na chumvi havikauki vikaisha. Bomba likitoka Singida kwenda Kiteto kupitia Kondoa na Chemba, halina namna ya kukwepa bonde la Bubu.

Na wewe uliyeko Nkuhungu au Ipagala usione hii ni habari ya watu wa kijijini. Bwawa la Farkwa linalosubiriwa kwa ajili ya maji ya jiji la Dodoma liko Chemba, kwenye Bubu hiyohiyo.

Kwa nini nina hofu? Nitatoa mifano miwili tu, yote ya mabomba na yote ya nchi kavu, ili mtu asije na habari za meli kuzama.

Wa kwanza ni Ogoni, Nigeria. Shell iliacha kuchimba pale mwaka 1993. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, likatoa ripoti ya uchunguzi wake. Sehemu moja inaitwa Nisisioken Ogale, karibu na bomba la mafuta yaliyosafishwa la kampuni ya taifa ya Nigeria, walikuta mafuta yameelea juu ya maji ya chini ya ardhi, safu yenye unene wa sentimita 8. Watu walikuwa wanakunywa maji ya visima yenye benzini, kemikali iliyomo kwenye mafuta, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Benzini inasababisha saratani ya damu, hilo halina ubishi. Uvujaji wenyewe ulisemekana kutokea zaidi ya miaka sita kabla wapimaji hawajafika. UNEP wakasema kuirejesha Ogoni kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Wa pili ni Marekani kwenyewe, mji wa Marshall, jimbo la Michigan, Julai 2010. Bomba la kampuni ya Enbridge lilipasuka jioni. Kengele zikalia kwenye chumba cha kuongozea bomba, wahudumu wakadhani ni mapovu ya hewa, wakawasha tena pampu. Wakawasha mara ya pili. Zaidi ya lita milioni tatu zikaingia kwenye kijito na Mto Kalamazoo. Zilipita saa 17 bila kampuni kujua. Wananchi walishapiga simu ya dharura usiku ule wakilalamika harufu, na mwishowe mtu wa kampuni nyingine, ya gesi, ndiye aliyewapigia kuwaambia bomba lenu linavuja. Kusafisha kuligharimu zaidi ya dola bilioni moja. Hiyo ni nchi yenye barabara, helikopta na maabara kila kona.

Mimi sipingi bomba, na uzi huu sijauanzisha kwa ajili hiyo. Ombi langu ni moja: kila kijiji kilicho karibu na njia ya bomba kipime maji yake SASA, kabla mafuta hayajaanza kupita, na majibu yakae kwenye faili la kijiji. Visima, malambo, chemchemi, hata mashimo tunayochimba kwenye mchanga wa makorongo wakati wa kiangazi. Bila vipimo vya awali, siku maji yakibadilika utaambiwa yalikuwa hivyohivyo tangu enzi za babu yako, na hutakuwa na karatasi ya kujibu.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

Mwana Uchumi

Mkuu, nimekusoma yote. Nina hoja tatu.

Hawa Wazungu wamechimba mafuta zaidi ya miaka 150, wamejenga nchi zao, leo Uganda wamegundua yao mwaka 2006 na sisi tumepata nafasi ya kupitisha bomba, ndipo mazingira yanakumbukwa. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kutupinga. Nani aliwapinga wao?

Pili, tozo ya kusafirisha mafuta ilikubaliwa dola 12.77 kwa pipa. Zidisha kwa mapipa 216,000 kwa siku. Yote si yetu, inakwenda kwa kampuni ya bomba, lakini hata sehemu yetu tu ni hela ya shule na zahanati, na ya hivyo visima unavyochimba.

Tatu, sisi hatuchimbi, sisi ni njia tu. Uchafu wa uchimbaji utabaki huko kwenye visima vya mafuta.

Mchimba Visima

Mkuu Mwana Uchumi, ahsante kwa kuja na hoja.

Hiyo ya Bunge la Ulaya nakubaliana nawe kwamba wao hawana usafi wa kutufundisha. Lakini mama wa Chemba akiuliza maji yake yana nini, huyo si Bunge la Ulaya. Ni mwenye nchi. Tukimwambia anatumiwa na mabeberu tutakuwa tumemnyang'anya swali lake na kuwapa wao.

Fedha sina ubishi. Ila hesabu iwe kamili. Faida inaandikwa kila mwaka, gharama ya kuharibika kwa maji haiandikwi popote hadi siku imetokea, na hapo anayeilipa ni mwenye ng'ombe. Mji wa Bodo, hukohuko Ogoni, mabomba ya Shell yalivuja mara mbili kuanzia mwaka 2008. Kampuni ilisema uvujaji wa kwanza ulikuwa mapipa kama 1,640. Wananchi wakaenda mahakamani London, na mwaka 2014 kampuni ikakiri mahakamani kwamba kiwango kilikuwa kikubwa kuliko walichosema. Januari 2015 wakakubali kulipa pauni milioni 55. Yaani ubishi wa miaka yote ile ulikuwa juu ya vipimo: nani amepima, lini, na ameandika nini.

Hilo la "sisi ni njia tu" ngoja nilikalie kidogo. Kweli sehemu kubwa ya madhara ya uchimbaji iko visimani. Mradi wa Tilenga wa TotalEnergies umepangiwa visima zaidi ya 400, na baadhi ya viwanja vya kuchimbia viko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Na mafuta hayatoki peke yake ardhini. Kwa wastani wa dunia, kila pipa la mafuta linatoka na mapipa matatu hivi ya maji machafu yenye chumvi, metali na mabaki ya mafuta. Hayo yasiporudishwa chini vizuri yanaua udongo. Kuna na gesi inayochomwa hewani, moto wa usiku na mchana, watu wa Delta ya Niger wamezaliwa wakaukuta. Lakini bomba si kitu kitupu pembeni ya hayo, ndilo linaloyabeba mafuta yakiwa mengi kupita mlangoni kwako kila saa. Visima vya Nisisioken Ogale vilichafuliwa na njia tu.

Binti wa Chemba

Shikamoo kaka. Nimeusoma uzi wako nikiwa nyumbani kabisa, huku kwetu Chemba.

Nathibitisha ulichosema. Sisi wenyewe kwenye mikutano tuliuliza mipaka ya mashamba, makaburi yatahamishwa vipi, miembe inahesabiwa vipi. Maji hakuna aliyeuliza, wala mimi sikuuliza. Na ukitazama, wanaosimama kuongea ni baba zetu, na wanaojua kisima kipi kina ladha gani ni sisi tunaochota. Mimi kisima cha bomba la mdundo la kwetu nakijua kikianza kuishiwa, maji yanakuwa na ukakasi fulani ulimini na povu la sabuni linakataa. Mtu wa kunisikiliza hilo kwenye mkutano hayupo.

Swali langu: kwenye makorongo kuna sehemu maji yaliyotuama yanakuwa na utando wa rangi rangi juu, wa bluu na zambarau, na bomba lenyewe halijaanza kazi. Je, hayo ni mafuta? Na kama siyo, siku yakiwa mafuta nitajuaje?

Mchimba Visima

Marahaba dada. Swali lako ndilo bora kuliko yote humu, na jibu lake unaweza kulipata kwa kijiti.

Utando huo mara nyingi unatokana na vimelea vidogo, yaani bakteria, wanaoishi kwenye maji yenye chuma. Chukua kijiti, chokoa utando ule katikati. Ukipasuka vipande vipande vyenye kingo kali, vikabaki vimeachana, hivyo ni vimelea, wala havina shida na bomba. Ukipasuka halafu ukajirudi na kuungana tena papo hapo, ukizungukazunguka na kijiti, hayo ni mafuta. Nusa pia. Maji ya vimelea yananuka tope au hayanuki kabisa. Mafuta utayajua.

Ndiyo maana nasisitiza kupima na kuandika mapema. Leo hii ukipiga picha utando huo, ukaandika tarehe na jina la korongo, ukaandika na matokeo ya kijiti, umeshatengeneza kumbukumbu. Kesho hakuna atakayekuambia utando wa mafuta ni ule uliokuwepo siku zote, na wewe pia hutamsingizia mtu kwa jambo la asili.

Angalieni Singida. Maji yao ya visima sehemu nyingi yana floridi nyingi, ya asili, yanaharibu meno ya watoto. Siku kisima kikipata tatizo jipya, la zamani na jipya vitachanganywa na mwenye kisima atazungushwa hadi achoke.

Fundi Chuma

Salaam wadau. Mimi ni fundi wa kuunga mabomba, nimefanya miradi ya aina hii, naomba niweke mambo sawa kidogo ili watu wasiishi kwa hofu.

Bomba kama hili haliungwi kiholela. Kila ungio linapigwa picha ya mionzi au kupimwa kwa mawimbi ya sauti, likiwa na kasoro linakatwa linarudiwa. Vipande vya EACOP vinapakwa na kufunikwa matabaka ya kutunza joto kwenye kiwanda kilichojengwa Sojo, wilaya ya Nzega, kisha ndiyo vinakuja kufukiwa. Kabla ya mafuta, bomba linajazwa maji na kusukumwa kwa mgandamizo mkubwa kuliko ule litakaofanyia kazi. Pembeni inalazwa nyaya ya mkongo inayosaidia kuhisi joto likibadilika au mtu akichimba karibu. Na mafuta yenyewe mleta mada amesema, yakipoa yanaganda. Yakivuja kwenye udongo hayatatiririka mbali kama dizeli.

Siku hizi siyo mwaka 1968 wakati bomba la mafuta la TAZAMA linajengwa, kutoka Dar hadi Ndola, na bado TAZAMA ipo.

Mchimba Visima

Fundi, heshima kwako, uliyosema ni kweli na watu wanapaswa kuyajua. Bomba jipya likiungwa vizuri ni salama kuliko malori elfu barabarani. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori moja la mafuta lilipinduka likalipuka na tukapoteza zaidi ya watu 100. Hakuna anayetaka kurudi huko.

Naongeza mawili tu. Mifumo inayolinganisha mafuta yaliyoingia na yaliyotoka ina udhaifu unaojulikana: uvujaji mdogo, wa chini ya asilimia moja hivi ya mtiririko, inaweza isiuone. Asilimia moja ya mapipa 216,000 ni mapipa 2,160, zaidi ya lita laki tatu kwa siku. Mkongo unasaidia kuziba pengo hilo, na nafurahi upo, lakini jicho la mchungaji anayepita na mbuzi kila asubuhi nalo ni kipimo. Mchungaji huyo ana namba ya kupiga? Kule Michigan watu walinusa, wakapiga simu, na waliopokea hawakujua watafute wapi.

La pili ni huko kuganda. Ni kweli yanaganda, na kiangazi hilo litatusaidia. Lakini wewe unaijua Bubu masika. Mto unaokuwa mchanga mtupu Septemba, Januari unakuja umejaa ukingo hadi ukingo ndani ya muda mfupi, unabeba magogo. Mabonge ya nta ya mafuta yatakwenda nayo. Na sehemu nyepesi ya mafuta, hiyo yenye benzini, haigandi pamoja na nta, inaingia kwenye maji.

Mzee wa Irangi

Wanangu, salamu kutoka Kondoa. Mimi siandikagi sana humu, mjukuu ndiye ananisaidia kuandika.

Ninyi hamkuiona Kondoa ya miaka ya sitini na sabini. Ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo mekundu, mwaka huu korongo linaingia shambani nyuma ya nyumba ya mtu, mwaka kesho limemeza njia. Serikali ikaleta HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973. Matingatinga yakachimba makingamaji, miti ikapandwa, bado haikutosha. Mwaka 1979 ikaja amri, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote watoke kwenye eneo lililoharibika. Watu walilia. Mifugo iliswagwa kupelekwa mbali, wengine wakahama nayo hawakurudi. Lakini majani yaliota. Mkipita leo njia ya Kolo mkaona kijani, kijani kile kilinunuliwa kwa mifugo ya wazee wenu.

Nayasema haya kwa sababu kijana wa uchumi hapo juu anazungumza hesabu. Sisi tumeshawahi kulipa bei ya ardhi kuharibika, na aliyelipa alikuwa mwenye zizi. Udongo uliochukuliwa na maji uliweza kuzuiwa kwa majani na matuta. Udongo uliokunywa mafuta sijui mtauponya na nini.

Kijana wa visima, endelea. Ila usiwaambie watu wapime maji tu. Waambie wapige picha na udongo, na waandike miti mikubwa iliyopo kando ya njia hiyo. Bomba likishafukiwa ile njia yake lazima ibaki wazi, miti yenye mizizi mirefu hairuhusiwi, na njia iliyo wazi kwenye mteremko wa Kondoa huanza kuwa korongo mvua ya kwanza. Hilo litakuja kabla ya mafuta kuvuja.

Mchimba Visima

Shikamoo mzee wangu. Umenipa kitu ambacho sikukiweka kwenye andiko na kilistahili kuwa juu kabisa. Mmomonyoko kwenye njia ya bomba ndio unaoweza hata kulifukua bomba lenyewe. Wote wa Kondoa na Chemba, lisomeni neno la mzee mara mbili: mkiona mfereji mdogo umeanza kwenye njia ya bomba baada ya mvua, toeni taarifa siku hiyohiyo kwa mtendaji, kwa maandishi.

Kijana wa Shelui

Wakuu, mnazungumza bomba linalopita, sisi huku Iramba tunaongelewa kuchimba kwenyewe. TPDC inatafuta mafuta Eyasi-Wembere, bonde linalogusa Singida, Tabora, Shinyanga, Simiyu, Arusha na Manyara. Vijana wengi wanashangilia, na mimi siwalaumu, mpunga wa Wembere unategemea mvua na mvua hazieleweki siku hizi. Lakini baada ya kusoma habari ya sufuria isiyo na mdomo nimeshindwa kuendelea na kazi. Yale mapipa matatu ya maji machafu kwa kila pipa la mafuta, kwetu yatakwenda wapi?

Mchimba Visima

Ndugu yangu wa Shelui, hapo ndipo penyewe.

Hatua ya utafiti madhara yake ni madogo na ya muda: wanafyeka njia nyembamba za kupitisha mitambo, wanatikisa ardhi ili kusoma mwangwi wa miamba, wanachoronga visima vya majaribio. Dai mashimo yazibwe na matope ya kuchorongea yasiachwe wazi, maana ng'ombe watayanywa kwa sababu yana chumvi.

Shida ni siku mafuta yakipatikana. Pwani au baharini nchi nyingi zilimwaga maji hayo baharini, vibaya lakini yalipata pa kwenda. Wembere hayana pa kwenda. Maji yanayotoka na mafuta sehemu nyingine duniani yana chumvi kuliko bahari mara kadhaa. Yakimwagwa mbugani yanashuka Kitangiri, na samaki wa Kitangiri mnawajua nyie kuliko mimi. Kwa hiyo swali la Wembere linapaswa kuulizwa leo wakati wa utafiti, likiwa na jibu la maandishi: maji ya uzalishaji yatarudishwa ardhini kwenye mwamba gani, na mwamba huo uko mbali kiasi gani na maji tunayokunywa? Mkisubiri hadi pipa la kwanza litoke, mitambo itakuwa imeshalipiwa na jibu litalazimika kuwa lile la bei rahisi.

Mama Gereji

Mimi niko Dodoma mjini, tuna gereji ya familia. Mada hii imenigusa kwa upande ambao hakuna aliyeutaja.

Oili chafu. Gari likimwagwa oili, lita nne au tano, inaenda wapi? Kuna gereji ninayoijua, sitaitaja, nyuma ya ukuta udongo ni mweusi unanata kwenye kiatu, wamemwaga pale tangu iwepo. Wengine wanauza kwa madumu, watu wanapaka mbao za paa na nguzo za uzio kuzuia mchwa. Wengine wanamwagia barabara ya mtaa kutuliza vumbi, na majirani wanashukuru. Kisha mvua ya kwanza inaosha yote.

Sisi tunaiweka kwenye pipa lenye mfuniko, anakuja mnunuzi wa oili chafu anachukua. Lakini bei yake ndogo, na kama haji miezi miwili pipa linajaa. Naelewa kwa nini wengine wanamwaga.

Mchimba Visima

Mama, ubarikiwe. Hili linagusa jiji zima.

Maji ya Dodoma sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Bonde lile limepimwa kina cha maji kwa zaidi ya miaka 50, ni moja ya kumbukumbu ndefu za namna hiyo Afrika. Zinaonyesha maji ya chini hayajazwi na mvua ya kawaida ya kila mwaka. Yanajazwa na ile miaka michache ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997 na 1998, kisha tunayanywa kwa miaka mingi tukingoja nyingine. Maana yake uchafu ukishafika chini, hakuna mvua ya mwaka ujao ya kuusuuza. Mnunuzi akichelewa, mama, ongeza pipa la pili lenye mfuniko kivulini, msimwage.

Na mtu wa mjini anayejiuliza mambo haya ya mafuta na maji yanamhusu nini, hapo kuna jibu.

Binti wa Chemba

Kaka, tumekuelewa. Sasa tuambie hatua. Mkutano mkuu wa kijiji chetu unakaribia. Niseme nini, na chupa ya maji nipeleke wapi?

Mchimba Visima

Dada, fanya hivi.

Kwenye mkutano omba iandikwe kwenye muhtasari kwamba kijiji kinataka vipimo vya awali vya vyanzo vyake vyote, na vitajwe kwa majina. Muhtasari ukishasainiwa na mwenyekiti na mtendaji, ndio msingi wa barua zote. Barua moja iende RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, nakala Bodi ya Maji Bonde la Kati, Singida. Nyingine iende NEMC, wasimamizi wa mazingira kitaifa, kuomba sehemu ya tathmini ya athari kwa mazingira inayohusu wilaya yenu, pamoja na mpango wa dharura mafuta yakimwagika: nani anafika, kwa muda gani, na namba gani ya simu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila Mtanzania haki ya mazingira safi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 30. Zitaje zote mbili kwenye barua.

Chupa usipeleke ya plastiki ya maji ya dukani. Mafuta mepesi yanapotea kwenye plastiki na hewani. Inatakiwa chupa ya kioo kutoka maabara, ijazwe hadi mdomoni isibaki hewa, ifungwe, iwekwe kwenye barafu, ifike haraka. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, Dodoma na Singida zimo, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Dodoma. Kabla ya kusafiri uliza kama wanapima mafuta na benzini, maana vipimo vya kawaida vya kisima ni vya chumvi, floridi na vimelea tu. Kama hawapimi hapo, waulize wanapeleka wapi.

Binti wa Chemba

Na jumuiya yetu ya watumia maji inaweza kuandika barua yenyewe, au lazima ipitie serikali ya kijiji? Nauliza kwa sababu kwenye jumuiya wanawake tuko wengi na tunasikilizwa.

Mchimba Visima

Inaweza kuandika yenyewe, ni chombo kilichosajiliwa na ndicho kinachosimamia mradi wa maji. Andikeni nyie kwanza, kwa mhuri wa jumuiya, kisha mwenyekiti wa kijiji apewe nakala. Ukipata ugumu wa maneno njoo inbox nikusaidie kuipanga. Na Fundi Chuma, kama upo, wapangie hapa orodha ya alama za bomba wanazopaswa kuzitambua huko porini, nguzo zake na vituo vya valvu, ili anayepiga simu aweze kusema yuko wapi.

Fundi Chuma

Nipo. Naiandaa usiku huu, naiweka hapahapa.